Chuo cha kwanza India kimefika Bweleo. Cha kwanza kwa lipi?

Jirani yangu ana binti aliyemaliza kidato cha sita na kupata alama nzuri za hisabati na fizikia. Jioni moja baada ya magharibi alinikuta barazani, akakaa, akatoa simu mfukoni na kunionesha tangazo la kampasi ya Bweleo, tawi la hapa Unguja la chuo cha India kiitwacho IIT Madras.

"Hebu nambie weye unayeshinda na magazeti," alisema. "Wanasema hichi ndicho chuo cha kwanza cha uhandisi India nzima. Watu wale bilioni na ushei, na cha kwanza chao kipo hapa njia ya Fumba. Nimpeleke mtoto?"

Nilimwambia ni kweli, ni cha kwanza. Kisha ikanichukua mpaka adhana ya isha kumweleza kwa nini jibu hilo halimsaidii kuamua. Makala haya ni mazungumzo yale, pamoja na mambo niliyoyakumbuka baada ya yeye kwenda zake.

Tuanze na huo ukweli. Serikali ya India ina orodha yake rasmi ya kupanga vyuo kwa ubora, inayojulikana kwa kifupi NIRF. Ilianzishwa na wizara inayosimamia elimu mwaka 2015, na orodha ya kwanza ikatoka 2016. Tangu mwaka huo hadi 2025, katika fungu la uhandisi, nafasi ya kwanza haijawahi kutoka mikononi mwa IIT Madras, chuo kilichopo mjini Chennai. Nyuma yake hufuata Delhi na Bombay, kisha Kanpur, Kharagpur na Roorkee wakipishana kidogo. Vyote hivyo ni vya familia moja, yaani Taasisi za Teknolojia za India, ambazo sasa zimefika 23. Katika kumi bora za mwaka 2024, tisa zilikuwa IIT. Mgeni pekee aliyepenya ni Taasisi ya Taifa ya Teknolojia ya Tiruchirappalli, iliyoshika nafasi ya tisa.

Na IIT Madras ndiyo iliyokuja kwetu. Mkataba ulisainiwa hapa Zanzibar Julai 2023, masomo yakaanza mwaka huohuo, na ikawa kampasi ya kwanza ya IIT yoyote nje ya mipaka ya India. Delhi nayo ilifuata kwa kufungua tawi lake Abu Dhabi mwaka 2024. Kwa hiyo mwenye kusema "namba moja ya India ipo Unguja" hajasema uongo.

Ila hiyo namba imepatikanaje? Hapo ndipo watu wengi huacha kusoma. NIRF hutoa alama 100. Thelathini ni za ufundishaji na rasilimali: walimu wangapi kwa wanafunzi wangapi, wangapi kati yao wana shahada ya uzamivu, fedha kiasi gani zinatumika. Thelathini nyingine ni za utafiti: machapisho, mara ngapi yamenukuliwa, hataza (yaani haki za uvumbuzi) na miradi. Ishirini zinatazama wahitimu wameishia wapi. Kumi ni za kuwafikia wanawake, wanafunzi wa majimbo ya mbali, maskini na wenye ulemavu. Kumi za mwisho zinaitwa sifa: waajiri na wanataaluma wanaulizwa wanakionaje chuo hiki.

Hizo za sifa zinanichekesha kidogo. Chuo kinapanda kwa sababu kinajulikana, na kinajulikana kwa sababu kimepanda. Tena takwimu nyingi zinazoingia kwenye hesabu hupelekwa na vyuo vyenyewe. Sisemi ni za uongo. Nasema muuzaji ndiye aliyeshika mizani.

Hata hivyo, tatizo kubwa la orodha hii haliko kwenye sifa wala mizani. Liko getini.

Kuingia IIT kwa shahada ya kwanza ya uhandisi kuna mtihani wa hatua mbili uitwao JEE. Mwaka 2024 hatua ya kwanza ilifanywa na vijana takriban milioni 1.4. Waliovuka na kukaa kwenye mtihani wa pili walikuwa kama 180,000. Nafasi katika IIT zote zikiwekwa pamoja zilikuwa 17,740. Na kati ya hao walioshinda, wa juu kabisa ndio wanaochagua Madras, Delhi na Bombay. Sasa chukua vijana hao, wafungie kwenye ghala la karafuu kwa miaka minne ukiwapa vitabu vya kutosha na chakula, na wengi wao watatoka wahandisi wazuri. Chuo kinachopokea watu kama hao kinaweza kufundisha vizuri sana au kufundisha ovyo, na kwa miaka mingi matokeo ya wahitimu yasitofautiane sana.

Ni sawa na kushindanisha wapishi wawili, mmoja kaletewa nguru aliyetoka baharini alfajiri, mwingine dagaa wa juzi. Ukionja vyungu viwili hivyo utasema nani mpishi hodari? Ili umjue mpishi ingebidi upime chakula kimetoka wapi na kimefika wapi: kijana aliyeingia na alama za wastani ametoka anaweza kufanya nini. Kipimo hicho kwenye orodha hakimo. Si ya India peke yake. Hata orodha kubwa za kimataifa zinazotangazwa kila mwaka kwa mbwembwe hazina.

Geti hilo limezaa mji mzima. Kota, huko Rajasthan kando ya mto Chambal, zamani ulikuwa mji wa viwanda. Miaka ya 1980 mhandisi mmoja wa kiwanda cha nyuzi, V. K. Bansal, aliyekuwa akiugua maradhi ya kudhoofika misuli, alianza kuwafundisha watoto hisabati nyumbani kwake mezani. Wanafunzi wake wakaanza kufaulu mtihani wa IIT, habari zikasambaa, na mwaka 1991 akafungua darasa rasmi. Baada ya hapo wakaja wengine, na wengine. Leo Kota ni mji wa tuisheni. Wakati wa kilele chake ulipokea vijana kama laki mbili kwa mwaka kutoka kila pembe ya India, wengi wa miaka 16 na 17, wakaao kwenye vyumba vya kupanga na kuamka kabla ya jua kutatua maswali ya fizikia. Ukipita mitaani unaona mabango makubwa yenye nyuso za waliofaulu, kila mmoja na namba yake ya ushindi, kama wagombea wa uchaguzi.

Walioshindwa hawawekwi kwenye mabango. Mwaka 2023 vijana zaidi ya 20 walijiua katika mji huo, na Agosti mwaka huo mamlaka za wilaya ziliagiza mapangaboi ya hosteli yafungwe springi, ili mtu akijaribu kujitundika lishuke naye. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliiweka simu chini. Taifa linaloweza kutua mwezini lilikuwa limepewa tatizo la watoto kufa kwa kukata tamaa, na jibu lililopatikana haraka lilikuwa la kihandisi: springi.

Jirani yangu aliposikia hilo alinyamaza, kisha akauliza kama Bweleo nako kuna mtihani huo. Hakuna. Kampasi ya Zanzibar ina mtihani wake wa kuchuja na usaili, JEE haihusiki. Mimi naona ni heri, na simtakii mtoto wa mtu yeyote maisha ya Kota. Lakini tuelewane: kama sehemu kubwa ya utukufu wa IIT hutengenezwa getini, na geti hilo limebaki India, basi hiyo namba moja haikupanda ndege. Kinachofundishwa Bweleo kitabidi kijijengee jina chenyewe.

Sasa, nisije nikaonekana nasema IIT ni geti tupu. Historia yake inakataa.

Ya kwanza ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, ndani ya majengo ya kambi ya Hijli. Hiyo ilikuwa kambi ya Waingereza ya kuwafunga wapigania uhuru. Septemba 1931 polisi waliwafyatulia risasi wafungwa wasio na silaha na kuwaua wawili. Miaka 20 baadaye, vyumba hivyohivyo vikawa madarasa ya uhandisi. Waziri Mkuu Nehru alipohutubia mahafali ya kwanza mwaka 1956 hakuiacha hoja hiyo ipite. Kamati iliyopendekeza taasisi hizi, iliyokaa wakati Mwingereza bado hajafunga virago, ilitaka ziwe nne, moja kila upande wa nchi, kwa mfano wa MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha Marekani.

Kilichofuata ni somo la diplomasia ambalo kizazi cha Bandung, ule mkutano wa 1955 wa nchi za Asia na Afrika, kingelielewa haraka. India isiyofungamana na upande wowote ilichukua mitambo na wataalamu wa Kisovieti kwa ajili ya Bombay mwaka 1958. Mwaka uliofuata ikachukua Wajerumani Magharibi kwa ajili ya Madras. Kanpur ikapewa vyuo vikuu tisa vya Marekani kwa pamoja, wakakaa miaka kumi, 1962 hadi 1972, na mwaka 1963 wakaileta kompyuta ya IBM 1620 iliyofanya chuo hicho kuwa cha kwanza India kufundisha somo la kompyuta. Delhi ikashikwa mkono na Waingereza. Yaani wakati wakubwa wanatunishiana misuli kwa mabomu, India iliwafanya washindane kuijengea karakana.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Mjerumani huyohuyo aliyeisaidia Madras mwaka 1959 ndiye aliyekuja kusaidia kuanzisha Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, ambacho leo ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Walimu walitoka Ujerumani, mashine zilitoka Ujerumani, vijana wetu wakapelekwa Ujerumani kusomea ualimu wa uhandisi. Mlimani palitoka wahandisi waliojenga barabara, mabwawa na mitambo ya umeme ya nchi hii, na mpango wa kumpeleka mwanafunzi viwandani likizo hadi likizo kwa mafunzo ya vitendo ulikuwa mzuri na bado ni mzuri. Kwa hiyo mbegu ilikuwa ileile. Tofauti ilikuja kwenye umwagiliaji.

India ilipitisha sheria mwaka 1961 iliyozipa IIT uwezo wa kutoa shahada zao, kupanga mitaala yao na kuajiri bila kupitia mlolongo wa vyuo vya kawaida. Kisha serikali ikalipa. Ikalipa miaka ya njaa, ikalipa miaka ya vita, ikalipa wakati wananchi wanauliza kwa nini fedha zao zinasomesha vijana wanaokwenda kumfanyia kazi Mmarekani. Na walikuwa na haki ya kuuliza. Sundar Pichai alisomea metalojia Kharagpur, akamaliza 1993, leo anaiongoza Google. Arvind Krishna, mkuu wa IBM, ni zao la Kanpur. Kwa miongo kadhaa mlipakodi wa jimbo maskini la Bihar alikuwa akimsomesha kijana kwa ajili ya California. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 haikuwa na fedha za kustahimili mchezo mrefu kama huo. Uchumi ulipoyumba, vipuri vya mashine vilikuwa vya kutafuta kwa tochi.

Ninaposema Madras inastahili heshima yake, siangalii nafasi kwenye orodha. Naangalia jengo lililoko jirani na kampasi. Kampasi yenyewe ni msitu wa ekari zipatazo 600 katikati ya jiji, swala wa madoadoa wanakatiza mbele ya wanafunzi wanaoendesha baiskeli. Kando yake, mwaka 2010, walifungua bustani ya utafiti. Jina limetafsiriwa tu. Ni majengo ya ofisi na maabara ambamo kampuni hupanga nafasi kwa sharti la kushirikiana na walimu na wanafunzi, na ushirikiano huo huhesabiwa. Kampuni isiyoshirikiana hailindwi na kodi yake peke yake.

Humo ndimo vijana wawili waliosoma hapohapo walipoanzisha Ather mwaka 2013, kutengeneza pikipiki ndogo za umeme, hadi ikawa kampuni ya kuuza hisa sokoni. Humo ndimo ilikolelewa Agnikul, ambayo tarehe 30 Mei 2024 ilirusha roketi ya majaribio yenye injini iliyochapwa kipande kimoja kwa printa ya pande tatu. Haya ndiyo mambo ya kumwambia mzazi. Lakini kwenye alama 100 za NIRF, jengo hilo na kelele zake zote limemezwa ndani ya safu za miradi na hataza, limekuwa desimali.

Upande wa pili wa desimali hizo kuna watu ambao orodha haiwaoni kabisa. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hapakuwa pametua nchi yoyote. Kamera zilimwonesha mwenyekiti wa shirika la anga la India, S. Somanath, akishangilia. Somanath shahada yake ya kwanza aliipata Kollam, Kerala, katika chuo cha uhandisi cha TKM, ambacho hukikuti karibu na kumi bora. Mkurugenzi wa mradi wenyewe, P. Veeramuthuvel, mtoto wa fundi wa reli, alianza na stashahada ya chuo cha ufundi katika mji mdogo wa Villupuram. Akaenda chuo binafsi cha kawaida kwa shahada. Uzamili akaupatia Tiruchirappalli. Na uzamivu? IIT Madras.

Njia ya mtu huyo naipenda, maana inaweka kila kitu mahali pake. Namba moja ilikuwemo, lakini ilikuwa kituo cha mwisho. Kama angekata tamaa kwa sababu hakuanzia kileleni, au kama India isingekuwa na ngazi zote za chini zinazofanya kazi, vyuo vya ufundi, vyuo vya mikoa, vyuo vya serikali za majimbo, chombo kile kingetafuta mkurugenzi mwingine. Abdul Kalam, mtaalamu wa roketi aliyekuja kuwa rais, naye hakusoma IIT. Satya Nadella wa Microsoft alisomea chuo binafsi cha Manipal. Naweza kuendelea, ila jirani yangu alishaanza kutazama saa.

Kuhusu orodha zenyewe nitasema mawili tu. La kwanza: hazikubaliani. Orodha ya kimataifa ya QS, nayo ya Uingereza, iliyotolewa kwa mwaka 2025 iliweka Bombay juu ya vyuo vyote vya India, ya 2026 ikaweka Delhi, na wakati wote huo serikali ya India inasema Madras. Na mwaka 2020 IIT saba kubwa, Madras ikiwemo, zilijitoa kwa pamoja kwenye orodha ya Times Higher Education ya Uingereza zikilalamika kuwa haieleweki alama zinapatikanaje. Walionufaika zaidi na orodha ya nyumbani ndio waliosusia ya ugenini. Simlaumu mtu, nami nikipigiwa kura ya pili ningeanza kuuliza nani anahesabu.

La pili: kipimo kikishakuwa shabaha, watu hujifunza kulenga kipimo. Mwaka 2023 jarida la Science liliandika habari za chuo kimoja cha meno nchini India kilichokuwa juu ya fungu lake kwenye orodha ya taifa. Wanafunzi walikuwa wakiandika makala kwa mamia, ndani yake wakinukuu kazi za chuo chao wenyewe, na idadi ya kunukuliwa ikapaa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, lakini huyu alikuwa anajisifu mwenyewe huku anamimina. Uhandisi haujafikia hali hiyo kwa kiwango hicho, angalau kwenye vyuo vya juu. Bali kishawishi ni kilekile, kwa kuwa alama 30 za utafiti zinahesabiwa kwa namna ileile.

Turudi Bweleo, maana ndiko alikotaka kwenda jirani yangu tangu mwanzo.

Kampasi hii ilianza na shahada ya kwanza na ya uzamili katika sayansi ya data na akili mnemba. Hebu tulitazame hilo kwa utulivu. Namba moja ya NIRF imejengwa na uhandisi wa kila namna: wa mitambo, wa bahari, wa anga, wa kemikali, wa ujenzi, pamoja na karakana walizoziacha Wajerumani na maabara zilizoongezwa kwa miaka 60. Fani iliyoletwa hapa kwanza ni ile inayohitaji kompyuta nzuri, intaneti isiyokatika na walimu wazuri. Sidhani ni kosa. Ni fani ya kuanzia nayo haraka, na kusubiri mpaka karakana zote zikamilike ingekuwa kusubiri mpaka binti huyu awe na wajukuu. Ila mzazi anayedhani mtoto wake anakwenda kujifunza kutengeneza injini kama zile za Agnikul aambiwe mapema.

Halafu kuna ada. Wakati kampasi inafunguliwa, ada ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne piga hesabu mwenyewe. Jirani yangu alipiga kwa vidole, akasita kwenye dola 48,000, akauliza kwa shilingi, nikamwambia asubiri kwanza ajue mambo ya ufadhili. Chennai kwenyewe, Mhindi anayeingia kwa JEE hulipa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na akitoka familia maskini hupunguziwa au kusamehewa. Hii ndiyo tofauti inayoniumiza zaidi kuliko zote. IIT zilikua kwa sababu serikali ilimlipia mtoto wa fundi wa reli. Ukichukua jina ukaacha huo mkono wa serikali, unabaki na chuo kizuri cha watu wenye uwezo, na vyuo vizuri vya watu wenye uwezo dunia inavyo tele.

Lipo jingine jema, nililolisema kwa sababu anayezungumziwa ni binti. Kwa miaka mingi wasichana ndani ya IIT walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi. Mwaka 2018 India iliamua kuongeza nafasi za ziada kwa wasichana bila kugusa za wavulana, na katika muda wa miaka michache wakafika mmoja kati ya watano. Aliyekabidhiwa kuongoza kampasi ya Zanzibar tangu kuanza, Profesa Preeti Aghalayam, mhandisi wa kemikali, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT popote. Orodha ya NIRF haijawahi kumpa mtu alama kwa hilo pekee, lakini binti wa miaka 19 akikaa darasani anaona nani amekaa ofisini.

Basi nilimwambiaje jirani? Nilimwambia aache kuuliza ni cha ngapi. Aende mwenyewe, tena siku ya kawaida, si siku ya maonesho. Atazame mwanafunzi wa mwaka wa pili anafanya nini saa kumi jioni: yuko maabara au yuko kwenye simu. Amuulize mwalimu ametoka Chennai kuja kukaa au kuja kufundisha muhula mmoja na kurudi, maana chuo ni watu waliokubali kuzeekea mahali. Aulize mwanafunzi wa hapa anaweza kwenda Chennai kukaa muhula, akashika zile mashine, akakaa kwenye jengo lile la kampuni. Aulize ni kampuni zipi za hapa, benki, mamlaka ya maji, bandari, mitandao ya simu, zimeshaleta tatizo lao na kusema: tufanyieni hili. Pia akipita Dar es Salaam, au Mbeya kwenye chuo cha sayansi na teknolojia, au DIT pale mjini, aulize maswali hayahaya kwa ukali uleule, kwa sababu mtoto anayependa mashine kuliko data huenda akafaidi zaidi kwenye karakana yenye mafuta ya grisi kuliko kwenye jina lenye kung'aa.

Alinishukuru, ingawa kwa uso nilijua alikuja kutafuta ndiyo au hapana.

Baada ya siku kama kumi alinipitia asubuhi, amevaa kanzu safi na koti, binti nyuma yake ameshika bahasha ya vyeti. Walikuwa wanakwenda Bweleo. Binti alikuwa ameandika maswali yake kwenye karatasi ya daftari, nikaomba niyaone. Yangu mengine alikuwa ameyachukua, mengine ameyakata kwa mstari, na la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, sikuwa nimelifikiria hata kidogo: "Wale wa kwanza walioingia 2023 wanamaliza 2027. Watakwenda kufanya kazi wapi, na wangapi watabaki hapa?"

Nilimrudishia karatasi yake. Daladala ya Fumba ilikuwa imeshaanza kupiga honi.